Mwanamapinduzi wa ulingoni: yasemwayo na yalivyo

Kwenye vibanda umiza vya Mtwara na Lindi, mieleka ya Marekani ina wapenzi wake na ubishi wake. Anayebishaniwa sana ni yule anayepanda ulingoni na bereti, ngumi juu, akihubiri mapinduzi.

"Anachosema ndicho anachokiamini."
Siasa ile ni vazi. Kamala, "Jitu la Uganda" aliyenadiwa kuwa mlinzi wa Idi Amin, alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Uhusika huo ulibuniwa Memphis mwaka 1982, miaka mitatu tu baada ya Amin kung'olewa. Nikolai Volkoff, aliyeimba wimbo wa taifa wa Kisovieti kabla ya pambano, alizaliwa Yugoslavia. Aliuimba ili azomewe. Mtu wa Newala aliyekulia kwenye ngoma ya mapiko hashangai: aliye ndani ya kinyago hatajwi jina ngoma ikiwa uwanjani.

"Mwanamapinduzi lazima awe adui."
Inategemea yuko wapi na anamshambulia nani. Marekani ya enzi za vita baridi, bendera nyekundu peke yake ilitosha kumzomesha. Nachingwea, ambako FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilifundisha wapiganaji wake, maneno yaleyale yangeshangiliwa.

Kwa hiyo anayetaka kubuni "Kamanda" wa kupambana uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, aanze na mpinzani, bereti baadaye. Mpinzani awe mnunuzi wa kangomba, ule ulanguzi wa korosho kwa bakuli: bakuli la kupimia mkononi, noti zimechungulia mfuko wa shati, anawalangua wakulima korosho kwa bei ya kutupa. Hapo hotuba ya kulaani ubeberu haina kazi. Kamanda akilitupa lile bakuli chini na kulikanyaga, jukwaa zima limeshaelewa, hata mtoto. Mkitaka kumgeuza adui, ni rahisi vilevile: aonekane anapokea bahasha ya huyohuyo wa kangomba.

Na akishika maikrofoni, dakika mbili zinatosha. Ataje mpinzani, kosa lake na siku ya pambano. Akizidisha, watu wanainuka kwenda kununua karanga.

"Ni maigizo, hawaumii."
Mshindi hupangwa kweli. Waandaaji wakubwa wa Marekani walilikiri hilo mbele ya Seneti ya New Jersey mwaka 1989. Sakafu ndiyo haipangiki. Ulingo una upande wa kama mita 5.5 hadi 6. Chini ni vyuma, juu yake mbao, kisha sponji jembamba na turubai. Wapo wanaodhani godoro nene lingesaidia. Kwa kuanguka, labda; kwa kukimbia, mguu unazama, mwili unageuka, goti linabaki.

Kuanguka chali kuna utaratibu: kidevu kifuani, pumzi itolewe, mgongo wa juu utue kwa upana, na viganja vipige sakafu wakati uleule, mikono ikiwa imeachana na mwili kama nyuzi 45. Mwanafunzi huharibu kwa namna mbili. Hofu humfanya atangulize kiwiko, bega likateguka. Au hugeuza shingo kutazama anakoangukia, kidevu kikaachia na kisogo kikagonga mbao. La pili ndilo la kuogopa. Lile kofi la kifuani nalo halina ujanja wowote: ni kofi.

"Bila sare ya jeshi hanogi."
Sheria ya Tanzania hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na ulingo hauondoi kosa. Fundi amshonee suti ya kaki isiyo na alama za vyeo, ya kuingilia tu. Aivue kabla ya kengele, maana kitambaa kizito kikilowa jasho mpinzani hapati pa kushika vizuri wakati wa kumnyanyua. Beji za pini na vifungo vya chuma visiwepo kabisa, huchana ngozi. Viatu viwe vya soli laini. Bereti akabidhiwe msaidizi nje ya kamba, vinginevyo itadondoka kwenye mtupo wa kwanza na mwamuzi ataikanyaga ateleze.