Matibabu ya pamoja: daktari wa familia na hospitali binafsi nchini Uingereza

Uingereza, mtu akiumwa kwa kawaida haanzii hospitali kubwa. Huanzia kwa daktari wa familia, yule wa kituo cha mtaani alikojiandikisha, anayeitwa GP. Kumwona ni bure, na huko England, moja ya nchi nne za Uingereza, hata kibali cha ukaazi si sharti la kujiandikisha. Nalitaja hili kwa ajili ya ndugu zetu waliohamia huko, wasikae na maradhi ndani kwa hofu ya makaratasi.

Huduma hiyo ni ya NHS, mfumo wa afya wa taifa ulioanza 5 Julai 1948 na unaoendeshwa kwa kodi. Pembeni yake zipo hospitali binafsi, za kulipia mfukoni au kwa bima. Wengi huzikimbilia kwa sababu ya foleni: lengo la NHS ni mgonjwa aanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu apewe rufaa, lakini wengi husubiri zaidi.

Rufaa haina utata. Goti linauma, daktari wa familia anaandika barua, unapigwa picha hospitali binafsi, majibu yanarudi kwake. Ukitaka upasuaji wa NHS baadaye, unaingia kwenye foleni kama wenzako. Fedha haikununulii nafasi ya mbele.

Penye mvutano ni kwenye dawa, na hapo ndipo neno matibabu ya pamoja linapokuja. Maana yake: daktari bingwa anaanzisha dawa, anarekebisha dozi mpaka itulie, kisha anamwomba daktari wa familia aendelee kuiandika na kumfuatilia mgonjwa. Anamwomba, hamwamuru.

Chukua mtu aliyepimwa ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kutotulia, kwenye kliniki binafsi akaanzishiwa methylphenidate, dawa ya tatizo hilo. Dawa hii yaweza kupandisha presha, kuharakisha mapigo ya moyo na kukata hamu ya kula, kwa hiyo mgonjwa lazima apimwe mara kwa mara. Barua ya kliniki inapotua mezani, daktari wa familia anajiuliza: presha ikipanda nimpigie nani? Nani atamwona tena huyu mwakani? Asipopata jibu, anaweza kukataa. Mgonjwa hutoka akiamini amenyimwa haki, na uchungu wake nauelewa, maana ameshalipa pesa nyingi. Lakini anayetia saini cheti cha dawa ndiye anayebeba dhamana yake, hata kama wazo lilikuwa la mwenzake.

Akikataa, bingwa ndiye anayeendelea kuandika, na mgonjwa analipa bei kamili ya dawa. Cheti cha NHS kingemgharimu pauni 9.90 kwa kila dawa huko England mwaka 2024. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini asingelipa kitu.

Kwa hiyo muulize daktari wako kabla ya kulipa kliniki, si baada: je, utakubali kuendeleza dawa watakayonianzishia? Na kliniki nayo iambie imtumie barua kila unapoonwa. Faili lako la miaka yote liko kwake. Bingwa uliyemwona mara moja anaweza asijue kwamba unameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wala kwamba penisilini iliwahi kukuvimbisha uso.