Jicho la Deathstroke halikupotea vitani

Kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba katikati ya Nairobi, vijana wapenzi wa komiki hupenda kusimuliana kwamba Slade Wilson, yule mamluki Deathstroke, aliachia jicho vitani. Ndiyo maana, wanasema, upande mmoja wa kinyago chake hauna tundu. Si kweli, na chanzo halisi kinauma zaidi.

Mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez walimleta ulingoni mwaka 1980. Asili yake ikasimuliwa 1984, katika toleo la 44 la komiki ya Tales of the Teen Titans. Akiwa jeshini alijitolea kwa jaribio la dawa ya kumsaidia kustahimili mahojiano ya adui. Dawa ikampa nguvu na kasi kupita binadamu. Jicho bado lilikuwepo.

Aliyelitoa ni mkewe, Adeline. Mtoto wao Joseph alitekwa na gaidi aitwaye Jackal, aliyetaka jina la mtu aliyemkodi Slade. Slade akakataa kulitaja, akiamini kasi yake ingetosha. Alimwokoa mtoto, ila kisu kilikuwa kimeshapita kooni, na Joseph hakusema tena. Hapa ndipo namwona Slade alivyo hasa: mtu aliyepima siri ya mteja dhidi ya koo la mwanawe. Adeline naye alipojua, akashika bastola na kumlenga kichwani. Kasi ileile ikamnusuru na kifo, lakini jicho la kulia likaenda.