Fedha za umma katika anga za juu: faida yake ni ipi hasa?

Serikali inapotenga fedha za anga za juu, fedha zenyewe hazirushwi. Hubaki hapahapa duniani, zikilipa mishahara ya wahandisi na mafundi, vyuo na viwanda vya vipuri. Hiyo ni faida, ila si hoja nzito: hata ujenzi wa barabara hulipa mishahara.

Faida kubwa iko katika kile wanauchumi wanachokiita bidhaa ya umma, yaani kitu ambacho nikikitumia mimi hakikupungukii wewe, na asiyelipa ni vigumu kumzuia. GPS ni mfano mzuri. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978 kwa fedha za jeshi la Marekani, na mfumo mzima ukawa tayari 1995. Wengi tunaijua kwa ramani ya simu tu. Kumbe setilaiti hizo zimebeba saa za atomiki, yaani saa sahihi mno, zinazotangaza wakati usiku na mchana, na mitandao ya simu, gridi za umeme na benki hulinganisha mitambo yao na saa hizo. Kupokea mawimbi yake ni bure. Ndiyo maana ukitafuta mapato ya GPS kwenye hesabu za serikali huyaoni. Yamo kwenye hesabu za wengine.

Landsat, mradi wa setilaiti wa serikali ya Marekani, inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Setilaiti hizi zinaipiga picha ardhi tangu 1972. Kwa miaka mingi picha moja iliuzwa kwa mamia ya dola, na wanunuzi walikuwa wachache. Mwaka 2008 zikaanza kutolewa bure, na picha zinazopakuliwa zikatoka maelfu kwa mwaka hadi mamilioni. Wafuatiliaji wa misitu, mavuno na maji ya umwagiliaji wakapata macho. Bei ndiyo iliyokuwa imezifungia kabatini.

Kwa upande wa jamii, sehemu ya faida ni hasara ambayo haikutokea, nayo haina risiti. Setilaiti zikikiona kimbunga mapema, watu huhama.

Upo pia uvumbuzi wa pembeni: kihisio cha picha kinachotumika kwenye kamera za simu kilitokana na kazi ya maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, miaka ya 1990. Ila hapa chumvi huzidi. Teflon, ule utando wa vikaango usioshika chakula, inayosifiwa sana kama tunda la safari za anga, iligunduliwa 1938. NASA yenyewe ilianzishwa 1958.