Usaili Mrefu Si Ahadi ya Ajira: Dhana Potofu za Waombaji wa Kazi za Masoko ya Kidijitali

Kazi yangu hapa Arusha ni kuwaandaa waombaji wa kazi na, kwa upande wa pili, kuzisaidia kampuni za utalii kupanga usaili wao. Kwa hiyo nazisikia pande zote mbili, na kuna kauli moja ambayo nimechoka kuisikia: "Dada, wameniita mara ya nne na wamenipa kazi kubwa ya kufanyia nyumbani. Hapo si nimeshapata?" Anayeuliza huwa ni kijana mwenye uwezo, mara nyingi amekwisha kuacha kutuma maombi kwingine, na wakati mwingine amekataa kazi ndogo ya uhakika kwa kuisubiri hii. Jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu dhana hii inawagharimu watu nauli, muda na jasho lao.

"Wakinipa kazi kubwa ya majaribio, wananitaka"

Tuitazame kazi yenyewe. Mwombaji mmoja wa Moshi aliniletea maagizo aliyotumiwa na kampuni ya safari baada ya raundi ya pili. Alitakiwa aandae mpango wa masoko wa miezi mitatu wa kuuza upandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Machame na safari ya siku saba ya Serengeti na Ngorongoro. Atafute maneno ambayo wageni wa Ujerumani na Marekani huyaandika kwenye Google. Aandike makala mbili kamili za tovuti. Atengeneze kalenda ya Instagram ya mwezi mzima pamoja na maelezo ya kila picha. Kisha agawe bajeti ya matangazo ya kulipia. Alipewa siku tano, na malipo hayakutajwa popote. Ukiyasoma maagizo hayo ukiwa umeiweka kando hamu ya kuajiriwa, utaona kwamba ni kazi ya mshauri wa nje, ambayo kampuni hiyohiyo ingeilipia kwa ankara.

Sisemi kwamba kila mwajiri wa namna hii amekusudia kuiba. Wengi hawajui kupima ujuzi wanaoutafuta. Mkurugenzi aliyeanza kazi kama mwongoza watalii anaijua mbuga na anaujua mlima, lakini hajawahi kuendesha matangazo ya mtandaoni, kwa hiyo anaomba kila kitu akitumaini kwamba katika wingi huo ataona nani anafaa. Haoni, kwa sababu wingi haupimi ujuzi. Mpango wa matangazo ulioandikwa na mtu asiyeziona takwimu za kampuni ni ubashiri, hata ukipambwa kwa michoro. Mwandishi wake hajui kila ulizo la mgeni limeigharimu kampuni kiasi gani, ni maulizo mangapi hufikia malipo ya awali, wala wageni huchukua miezi mingapi kati ya kuuliza bei na kulipa. Mtu anayenunua safari ya maelfu ya dola halipi siku ileile aliyoona tangazo. Analinganisha kampuni kadhaa, anasoma maoni ya waliotangulia, anaomba likizo kazini kwake, kisha anarudi. Takwimu za mwenendo huo zimo katika akaunti ya Google Analytics, zana inayohesabu wanaotembelea tovuti na wanachofanya humo, na katika akaunti ya matangazo ya kampuni, ambazo mwombaji hawezi kuzifungua.

Jaribio linalopima kweli huchukua saa mbili au tatu. Mwajiri anatoa ripoti ya matangazo ya mwezi mmoja, akiwa ameondoa anayotaka kuyaficha, na anauliza maswali matatu: ungesimamisha tangazo lipi, ungeliongezea fedha lipi, na ungehitaji kujua nini zaidi kabla ya kuamua. Aliyezoea kazi hii ataligundua mapema tangazo lenye mibofyo mingi ya bei rahisi lisiloleta ulizo hata moja, na atauliza kama fomu ya tovuti inafunguka vizuri kwenye simu. Asiyejua atashangilia mibofyo. Nimewashauri waajiri wengi kufanya hivyo, na wanaokubali huamua kwa haraka zaidi.

Ukipewa kazi kubwa kama ile ya Moshi, usiikatae kwa hasira na usiifanye yote. Andika hivi: "Nitawasilisha uchambuzi wa ukurasa mmoja kuhusu tovuti yenu na mfano wa tangazo moja, ili mwone ninavyofikiri. Mpango kamili naweza kuuandaa kwa malipo, au baada ya kuajiriwa nikiwa na takwimu zenu." Mwajiri makini huridhika na jibu hilo. Anayekasirika amekuonyesha mapema jinsi atakavyoutumia muda wako ukiwa ofisini kwake.

Wengine hunijibu kwamba sheria itawalinda. Ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 makala uliyoiandika ni yako tangu unapoiandika, bila kuisajili, na kampuni isiyokuajiri wala kukulipa haiwi mmiliki wake kwa sababu tu uliituma kwa barua pepe. Lakini sheria hulinda namna wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Wakichukua mkakati wako na kuuandika upya kwa maneno yao, hutakuwa na la kudai. Kinga ya uhakika ni kutotoa kila kitu. Na ukiombwa kuingia moja kwa moja katika akaunti yao ya matangazo "ili tuone unavyofanya", fahamu kwamba usaili umekwisha na umeanza kufanya kazi bila mkataba.

"Mchakato ukirefuka, ni kwamba wanachagua kwa makini"

Mara chache ni kweli. Katika kampuni za hapa, sababu ya kawaida ya kuchelewa ni kwamba hakuna aliyeamua nafasi hiyo ni ya nini. Meneja wa mauzo anataka mtu wa kujibu maulizo ya wageni, mkurugenzi anataka mpiga picha, na mbia aliyeko Ulaya anataka mtaalamu wa Google. Kila raundi unakutana na mmoja wao, na kila mmoja anakupima kwa kazi tofauti. Sababu nyingine ni kalenda ya utalii. Nafasi hutangazwa wakati wa masika, ofisi zikiwa kimya. Usaili unaanza Aprili au Mei, kisha inafika Juni, maonyesho ya utalii ya Karibu-KILIFAIR yanawachukua wakubwa wote, wageni wa Julai wanaanza kushuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na faili lako linabaki mezani mpaka Oktoba. Hakuna aliyekukataa, wala hakuna anayekufikiria.

Kwa hiyo, mwishoni mwa raundi ya kwanza uliza mambo mawili: zimebaki hatua ngapi, na nani mwenye uamuzi wa mwisho. Swali hilo halina utovu wa adabu ndani yake. Tarehe waliyoitaja ikipita, andika barua pepe moja ya kuuliza. Wiki nyingine ikipita kimya, endelea na maisha yako. Wala maombi mengine hayapaswi kusimama hata siku moja kabla hujatia saini mkataba.

"CV yangu itabaki kwenye kanzidata yao"

Watu wanachanganya na serikali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaweka kwenye kanzidata waliofaulu usaili na huweza kuwapangia kazi nafasi zikipatikana. Kampuni binafsi ikikuambia maneno hayo, mara nyingi inakuaga kwa heshima.

"Wiki mbili za kujitolea ndizo kipindi cha majaribio"

Sivyo kabisa. Kipindi cha majaribio huanza baada ya kuajiriwa, kina mshahara, na kwa mujibu wa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 hakipaswi kuzidi miezi 12. Kufanya kazi bure ili "waone kama unafaa" ni kufanya kazi bure.

"Lazima nijibu kila wanachouliza"

Mabinti huulizwa wataolewa lini na kama wana mpango wa kuzaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na katazo hilo linamhusu hata anayeomba kazi. Jibu kwa utulivu kwamba utamudu ratiba ya kazi, kisha warudishe kwenye mada.

"Kuuliza mshahara mapema ni kuonyesha tamaa"

Dhana hii ndiyo inayowafanya watu wafike raundi ya tano kabla ya kugundua kwamba kiasi kinachotolewa hakiwatoshi. Uliza kabla ya raundi ya pili, na uliza kama kiasi kinachotajwa ni kabla ya makato au baada yake, kwa maana tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi kwa mhitimu mwenye mkopo wa elimu ya juu. NSSF kwa upande wa mwajiriwa ni asilimia 10, yaani 100,000. Bodi ya mikopo inakata asilimia 15, yaani 150,000. Kodi ya mapato, ikikokotolewa kwenye zile 900,000 zinazobaki baada ya NSSF, ni 103,000. Mfukoni zinaingia 647,000. Anayeishi Moshi aondoe hapo pango la chumba Arusha, au nauli ya kwenda na kurudi takribani kilomita 80 kila upande, kisha aamue kama raundi inayofuata inastahili kuhudhuriwa.