Dhana potofu kuhusu madirisha ya muda katika mikondo ya data

Mkondo wa data, yaani matukio yanayoingia mfululizo, hauna mwisho, kwa hiyo hoja (agizo la kuchambua data) inayotafuta jumla au wastani haiwezi kusubiri data yote iishe. Ni lazima iukate mkondo vipande vya muda, na kila kipande huitwa dirisha. Kanuni hiyo ni nyepesi kuieleza, na pengine ndiyo sababu huandikwa hoja nyingi zinazokubaliwa na injini, yaani programu inayoziendesha, bila kosa lolote, kisha zikatoa takwimu zisizo sahihi.

Dhana: Tukio huhesabiwa katika dirisha la wakati lilipopokelewa.

Ukweli ni kwamba kuna wakati wa tukio kutokea na wakati wa kupokelewa, na mwandishi wa hoja ndiye anayepaswa kuamua ufuatwe upi. Chukua kihisi kilichopima joto katika dakika ya 4, mtandao ukakatika, na kipimo kikafika katika dakika ya 12. Kwa madirisha ya dakika 5, hoja inayofuata wakati wa kupokelewa itakiweka katika dirisha la tatu, ilhali mahali pake ni la kwanza.

Ukifuata wakati wa kutokea, huzuka swali gumu zaidi: dirisha lifungwe lini? Apache Flink, mojawapo ya injini hizo, hutumia wotamaki, yaani alama inayosafiri pamoja na matukio na kutangaza kwamba yaliyotangulia muda fulani hayatarajiwi tena. Alama hiyo kwa kawaida ni makadirio tu. Ukiruhusu uchelewaji wa dakika 1, huku vihisi vingine vikiendelea kutuma, kipimo chetu kitatupwa kimyakimya. Ukiruhusu dakika 10, kitahesabiwa, lakini kila jibu litachelewa kwa kiasi hicho. Sijaona mpangilio unaoondoa mvutano huu kati ya upesi na ukamilifu, na anayeandika hoja bila kuufikiria ameiachia injini uamuzi ambao ni wake. Zaidi ya hayo, mkondo ukiwa na sehemu kadhaa, wotamaki hufuata sehemu iliyo nyuma kuliko zote, hivyo sehemu moja iliyonyamaza yaweza kuzuia majibu ya zote.

Dhana: Dirisha huanza pale hoja inapowashwa.

Katika Flink, madirisha ya urefu maalumu hupangwa kwa kuhesabu kuanzia 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia. Hoja ya dirisha la saa nzima, ikiwashwa katika dakika ya 17 na kusoma matukio mapya pekee, itatoa jibu la kwanza lenye data ya dakika 43 tu. Dirisha la siku nalo, lisiporekebishwa, huanza saa 9 usiku mahali palipo saa 3 mbele ya UTC. Mipaka pia hutofautiana: Flink hujumuisha mwanzo wa dirisha na kuacha mwisho, ilhali Azure Stream Analytics, injini ya Microsoft, hufanya kinyume, kwa hiyo tukio la dakika ya 5 kamili huangukia dirisha jingine ukihamisha hoja.

Dhana: Dirisha lisilo na tukio hutoa sifuri.

Kwa kawaida halitoi chochote. Tahadhari inayosubiri idadi iwe 0 haitalia kamwe.

Dhana: Majibu ya madirisha yanaweza kujumlishwa baadaye.

Madirisha ya dakika 10 yanayoanza kila baada ya dakika 5 huingiliana, na kila tukio huhesabiwa mara 2. Hata yasiyoingiliana yana mtego wake: dirisha moja likiwa na vipimo 2 vyenye wastani wa 30, na linalofuata vipimo 8 vyenye wastani wa 20, wastani halisi ni 22, wala si 25. Ni salama zaidi kuhifadhi jumla na idadi, kisha kugawanya mwishoni. Idadi ya watumiaji wa kipekee haiokolewi na njia hiyo, kwa kuwa aliyeonekana katika madirisha yote mawili atahesabiwa kama watu wawili. Hapo hoja ihesabu upya juu ya dirisha refu lenyewe.