"Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!"

Nafundisha hisabati sekondari hapa Tanzania, huu mwaka wa 19 sasa, na karibu kila mwaka napokea walimu wa mazoezi kutoka vyuoni. Nakaa dawati la nyuma kabisa, nasikiliza. Kengele ikikaribia, wengi wao huuliza lile lile: "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Nikivuta daftari la aliyekaa jirani yangu, nakuta kurasa mbili za kunakili ubao, na hakuna hata hesabu moja aliyojaribu mwenyewe.

Siwaiti waongo. Ile ni itikio tu, kama "Shikamoo, mwalimu" ya asubuhi.

Nikiulizwa mwalimu na mwanafunzi waishi vipi, watu hutegemea nichague kati ya upole na ukali. Nimewaona wapole wasiofundisha kitu, na wakali wanaopendwa hadi leo. Mimi naangalia jambo moja: mtoto akikosea mbele ya wenzake, nini kinafuata?

Muhula uliopita, binti wa kidato cha kwanza aliitwa ubaoni kujumlisha 1/2 na 1/3. Akaandika 2/5. Darasa likaguna. Mwalimu wa mazoezi akafuta, akasema, "Kaa. Nani amsaidie?" Mwingine akaandika 5/6, akapigiwa makofi, somo likaendelea. Yule binti hakunyoosha tena mkono.

Kesho yake nilishika chaki mimi. Nililirudisha lile jibu la 2/5 ubaoni, bila kutaja la nani, nikauliza mtu anaweza kulifikiaje. Akajibu yule binti mwenyewe, kwa sauti ya chini: juu kwa juu, chini kwa chini. Haya, nikamwambia, una nusu mkate. Nikikuongezea theluthi, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? "Zaidi." Na sehemu mbili kati ya tano, je? Akanyamaza muda mrefu. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hata walioguna jana walikuwa wanapiga hesabu hiyo hiyo vichwani. "Pungufu!" akasema, kisha akajicheka. Kigawe kidogo cha shirika alikikumbuka bila kuambiwa.

(Ndiyo, niliuliza kwa Kiswahili. Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Lakini mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili haachi kufikiri kwa Kiswahili kwa kuwa amebadilisha sare.)

Ilichukua robo saa katika kipindi cha dakika 40. Mwenzangu alinung'unika kwamba kwa mwendo huo silabasi haiishi, na hakukosea. Darasa lina watoto zaidi ya 70. Siwezi kufanya hivyo kwa kila hesabu. Nafanya kwa kosa ambalo najua nusu ya darasa wanalo.

Kuhusu fimbo: kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaweka mwisho viboko vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mimi sichapi kwa kosa la hesabu, na nina sababu ya kikazi zaidi. Mtoto anayechapwa kwa kukosa hesabu anajifunza haraka sana kunakili kwa jirani, na akishanakili, mimi sina tena cha kusoma. Kosa lake ndilo linalonionyesha njia ilipokatika.

Ukaribu nao una mipaka yake. Sichati na wanafunzi usiku, simtumi mtoto nyumbani kwangu kuchota maji, na mwenye shida ya faragha namsikiliza mlango ukiwa wazi. Hilo halina mjadala mrefu.

Wiki iliyopita nilikuwa nafungua mabano ya −2(x − 3) = 14. Nikaandika −2x − 6 = 14, nikaendelea. Kijana wa dirishani akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hapo si kujumlisha sita?" Nikatazama. Ni kweli. Nikamwomba aje amalizie, akapata x = −4, nikamshukuru.

Baada ya kipindi nikachungulia daftari la mwalimu wa mazoezi. Ameandika: "Mbinu: mwalimu akosee makusudi." Nikamwambia afute. Nilikosea kweli.