Kerneli inavyohakiki saa ya prosesa

Prosesa za x86, yaani za jamii ya Intel na AMD, zina kaunta ya ndani iitwayo TSC, iliyokuja na Pentium mwaka 1993. Kompyuta ikiwashwa huanza sifuri, kisha hupanda mfululizo. Programu ikiuliza saa, namba hiyo husomwa na kugeuzwa nanosekunde. Kuisoma ni amri moja tu ya prosesa, ndiyo maana kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huipendelea kuliko saa nyingine zilizomo kwenye mashine.

Shida ni kuiamini. Zamani kaunta ilifuata mapigo ya prosesa: prosesa ikipunguza kasi kuokoa umeme, saa nayo inachelewa, ikilala usingizi mzito, saa inasimama. Tena kila kori, yaani kila kitengo cha kukokotoa ndani ya prosesa, ilikuwa na kaunta yake, kwa hiyo programu iliyohamishiwa kori nyingine iliweza kusoma muda uliorudi nyuma. Kwa hifadhidata hilo ni balaa, maana badiliko la pili linaonekana limetangulia la kwanza.

Prosesa za sasa hujitangaza kuwa kaunta yao ina kasi moja na haisimami. Ndizo alama constant_tsc na nonstop_tsc ndani ya /proc/cpuinfo. Kerneli haitosheki na tangazo, kwani hata BIOS mbovu (programu ya ubaomama inayoiwasha mashine) huweza kuichezea kaunta. Mashine inapowaka, kori hulinganishwa. Baadaye kuna mlinzi: kila nusu sekunde husoma TSC pamoja na saa ya pili, ama HPET ama ile ya ACPI, zote saa za mashine zilizo nje ya kori; ya ACPI ndiyo inayopiga mara 3,579,545 kwa sekunde. Tuseme HPET inaonyesha zimepita milisekunde 500, TSC inadai 580. Kwa miaka mingi kikomo cha tofauti kilikuwa milisekunde 62.5, hivyo TSC inatangazwa si thabiti na kerneli inahamia saa nyingine. Mashine haizimi, ila programu inayouliza saa kila mara inazorota, na mwenyewe anahangaika kutafuta kosa kwenye kodi yake.

Mlinzi naye hukosea. Akikatizwa katikati ya kusoma saa mbili, hasa ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine), huisingizia TSC bure. Ndiyo maana kerneli za karibuni hurudia kusoma kabla ya kuhukumu, na kwenye mashine za soketi (matundu ya prosesa) chache zenye kaunta ya kuaminika humwondoa mlinzi kabisa.

Wapo wanaokimbilia kuweka tsc=reliable, agizo la kuiambia kerneli inapowaka kwamba TSC ni ya kuaminika, ili mlinzi anyamaze. Mimi ningesoma dmesg, yaani ujumbe ulioandikwa na kerneli, kwanza, kisha nitazame faili la current_clocksource chini ya /sys/devices/system/clocksource/clocksource0. Likisema hpet ilhali prosesa ni ya kisasa, pa kuanzia ni BIOS.